Kilima cha Kwetu Kutoka Angani

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na za mama zikiwa juu ya zote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa unanilalamikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili kabla hujaendelea: mama hajambo, mama mdogo hajambo, majirani hawajambo, hakuna aliyevunjika hata ukucha. Shemeji yako bado anakoroma kama mashine ya kusaga, na mimi bado nakata aya za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, ndiyo maana wananiita Mama Mkato wakidhani sisikii.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Lakini hiyo simu yenyewe, mpaka upande juu ya lori la kokoto hapo kwenye kambi yenu ya ujenzi ndipo mtandao ushike, na hata ukishika nasikia neno moja yanapotea mawili. Ninalotaka kukueleza si la kusikika vipande vipande. Lina mwanzo wake, na nisipoanzia huko utadhani dada yako amechanganyikiwa.

Yote yalianza na mtaala. Mwaka jana wakubwa wa chuo walituita, wakatuambia kwamba masomo yetu ya uandishi wa habari yamechakaa. Wahariri wanaowapokea vijana wetu walikuwa wamelalamika kwamba wanakuja wanajua kupanga ukurasa wa gazeti, lakini ukiwapa picha iliyozagaa kwenye simu hawajui pa kuanzia kuichunguza, na ukiwapa faili la takwimu wanalitazama kama mtu anayetazama injini ya ndege. Tukapewa muda: masomo yaendane na zama za dijitali, la sivyo idara haitapokea wanafunzi wapya. Mimi ndiye mkuu wa idara, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu na ubishi ulikuwa wangu. Unanijua. Niliwaambia habari ni habari, iwe imechorwa kwenye jiwe au imeandikwa kwenye kioo. Mwenzangu anayefundisha sheria za habari, mzee mmoja mkavu ambaye wanafunzi wanamwita Kifungu kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha sheria, aliniunga mkono kwa maneno makali kuliko yangu. Alisema mwandishi ambaye soli za viatu vyake haziishi si mwandishi, ni mpiga porojo mwenye umeme.

Chuo hakikubishana nasi. Kilituletea mwalimu mpya. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha habari cha mtandaoni, na spika zake za masikio zilikuwa zinaning'inia shingoni muda wote kama daktari na kipimo chake. Wanafunzi hawakuchelewa kumbatiza Bi Jicho. Siku ya somo lake la kwanza nilikwenda nikakaa nyuma kabisa, mikono nimeikunja kifuani, nimekwenda kutafuta kosa.

Alionyesha ukutani picha iliyokuwa imesambaa kwenye simu za watu wiki ile: moshi, watu wanakimbia, na maneno chini yake yakisema kwamba soko letu kuu limechomwa na watu wa upande fulani wa mji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetumiwa picha ile na watu watatu tofauti, na nakiri niliiamini. Bi Jicho aliwauliza tu wanafunzi kivuli cha nguzo kimelalia wapi. Akawauliza bango la duka limeandikwa kwa rangi gani, barabara ina mistari ya namna gani, mlima ule wa nyuma una vilele vingapi. Wakaanza kuchimba, kila mmoja kwenye kompyuta yake, chumba kimya kama msikilizaji wa redio anayengoja matokeo. Kabla kengele haijalia walikuwa wameupata mlima wenyewe, katika nchi nyingine kabisa, na moto ule ulikuwa umezimwa miaka mingi kabla baadhi yao hawajajifunza kusoma. Mdogo wangu, mikono yangu ilijikunjua yenyewe. Kazi ile mimi ningeifanya kwa kupiga simu huku na huku na kulala na wasiwasi. Watoto hawa waliifanya wakiwa wamekaa kwenye viti, kwa kuangalia kivuli. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyetoka kwenye nyumba ya ibada, sitaki kusemeshwa.

Kifungu nilipomsimulia aliguna, akasema kivuli hakiapishwi mahakamani. Lakini wiki iliyofuata nilimkuta naye amekaa nyuma, kwenye kiti cha pembeni yangu.

Zoezi lililofuata ndilo lililotufikisha hapa. Bi Jicho aliwaeleza wanafunzi kwamba kuna setilaiti zinazoipiga dunia picha kila zinapopita, mwaka baada ya mwaka, na kwamba picha nyingi kati ya hizo ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye mtandao. Akamtaka kila mmoja atafute nyumbani kwao, aangalie kilichobadilika, aandike habari yake. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa adabu kama mkuu naye angependa kujaribu. Wanafunzi wakacheka chinichini. Nikasema sawa, hamnitishi.

Sijui nikuelezeeje. Nilianzia juu kabisa, ambako nchi nzima ni kama ngozi ya mnyama imetandikwa juani. Nikashuka, na mito ikatokea kama nyuzi zilizomdondoka fundi cherehani. Nikashuka tena nikaiona njia panda, nikaliona daraja, na ghafla nikaona bati letu. Lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaiona ile safu ya miti aliyoipanda baba nyuma ya jiko, kivuli chake kimelala upande, na jiwe lile tulilokuwa tukiteleza juu yake mpaka nguo zinatoboka. Bi Jicho alinionyesha jinsi ya kurudi nyuma kwa miaka. Nikasukuma kidole, na bati likawa jekundu kwa kutu kama lilivyokuwa kabla hujalibadilisha. Nikasukuma tena, miti ya baba ikawa midogo, ikawa nukta, ikawa haipo. Nikafikiri: hapa, katika picha hii, baba yuko hai, yuko chini ya bati hili sasa hivi, labda anatafuta miwani yake. Nilisahau kama nina wanafunzi. Maisha yetu yote yalikuwa yanahesabiwa kutoka juu na hakuna aliyetuambia.

Bi Jicho alikuwa ameinama begani kwangu akitabasamu, kisha nikahisi ameacha kutabasamu. Aliniuliza kama njia ile inayopanda juu ya nyumba kwenda kwenye chemchemi siku zote ilikuwa na kona. Nikamjibu kwamba haina kona, njia ile baba aliichimba mwenyewe kwa kuvuta kamba, imenyooka kama rula. Hakubishana nami. Alirudisha picha za zamani, na kweli njia ilikuwa imenyooka. Akazileta za karibuni, moja baada ya nyingine. Njia ilikuwa inapinda, kidogo kidogo, kama mtu anayesogea kitandani akiwa usingizini. Na juu yake, pale msitu ulipofyekwa, kulikuwa na mstari mweupe umepinda kama mwezi mchanga. Katika kila picha mstari ule ulikuwa mrefu kuliko katika picha iliyotangulia.

Tulivuka uwanja tukampelekea mtaalamu wa miamba katika jengo la jirani. Alizitazama picha zile kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kilima kinatembea. Kinatembea polepole sana, kwa sababu mizizi iliyokuwa imekishika imekufa na inaoza. Alisema mvua kubwa ikija hakitatembea tena, kitakimbia. Nilimuuliza lini. Akasema siku haijui yeye wala mtu mwingine, na kwamba asiyejua siku asingoje siku.

Nilijua nitagombana na Kifungu, maana ndiye aliyetufundisha sote kwamba kutia watu hofu kwa habari isiyothibitishwa ni kosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake kwenye msumari, akasema picha imeona, sasa macho yakahakikishe, na akawa wa kwanza kupanda kwenye gari la chuo.

Tulikwenda na darasa zima. Ule mstari mweupe ulikuwa ufa, nao tuliukuta umefunikwa na majani mahali pengi, ungeweza kuuruka bila kujua umeruka nini. Nililala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani, sikugusa chini, ila hewa ya baridi ilikuwa inapanda kutoka huko ndani na kunipuliza vidole. Sitaisahau hewa ile. Nilihisi kama nimeweka mkono kwenye kinywa cha kitu kinachopumua na kisichojua kwamba sisi tupo. Nilipoinuka niliona wanafunzi wametawanyika kilimani. Bi Jicho alikuwa anawaonyesha jinsi ya kupiga picha kwa simu ili ukubwa wa ufa uonekane, na jinsi ya kunasa sauti bila upepo kuivuruga. Kifungu alikuwa nyuma yao na kofia yake, akiwakumbusha waulize jina la mtu na waliandike sawasawa, wasimwekee mtu maneno mdomoni, na wasirushe chochote kabla ofisi ya wilaya haijapewa nafasi ya kujibu. Nikasema moyoni kwamba mtaala tuliokuwa tunaugombania kwenye vikao, huu hapa, umesimama kwenye mteremko na viatu vyake vina matope.

Majirani hawakutuamini. Walisema kilima kile kimekaa pale tangu Mungu akiweke. Mama ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Aliniambia kwamba amezaa pale, amezika pale, na kwamba hahamishwi na kompyuta. Mama mdogo naye akaitikia kila neno, unawajua wakiungana. Niliketi sakafuni kati yao nikafungua zile picha, nikazipitisha taratibu kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho.

Mama alikuwa hajapata kuiona nyumba yake kutoka juu. Aligusa kioo kwa kidole kimoja. Aliyatambua mabati, akaitambua miti ya baba, akaitambua kamba yake ya kuanikia nguo, ingawa mimi kamba hiyo sikuiona. Aliuliza ina maana kuna jicho limekuwa likimwangalia siku zote hizo, na nikamjibu kwamba ni kweli, ila lilikuwa linapita tu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu aliona njia ya chemchemi inavyopinda, akaifuata kwa kidole hata mama mdogo akaacha kuchambua mboga.

"Nilidhani njia imekuwa ndefu kwa sababu miguu yangu inazeeka," alisema. "Kumbe kilima ndicho kilichokuwa kinatembea."

Kisha akajifunga kanga, akanitaka nibebe kompyuta, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mimi na shahada zangu nilimfuata nyuma kama mbeba mizigo. Kila alipoingia aliwauliza watu kama wao pia hawajaona milango yao inakwama siku hizi, kama mitungi yao haiinamii upande mmoja, kisha akaniamuru niwaonyeshe. Watu walionifukuza mimi asubuhi walimsikiliza yeye mchana.

Ofisi ya wilaya kwanza ilituzungusha. Lakini Kifungu aliwaandikia kwa lugha yao, vifungu juu ya vifungu, na habari ya wanafunzi ilipotoka, ikiwa na picha zinazotembea na sauti za majirani wenyewe, redio ziliichukua na ikazijaza simu za watu wote. Ofisi ikatupa madarasa ya shule iliyo ng'ambo ya mto. Watu walihama na mbuzi, vitanda, hata milango. Mama alitaka mlango wa mbele ung'olewe aondoke nao, na uking'olewa bawaba zake zing'olewe pia. Tukang'oa.

Baraza la chuo lilikaa kuujadili mtaala wetu katikati ya pilikapilika hizo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, sikuisoma. Niliwaonyesha njia ya baba inavyopinda, nikakaa. Mtaala ulipita. Siku hizi Bi Jicho na Kifungu wanafundisha somo moja pamoja, chumba kimoja, wakikatizana maneno, na wanafunzi wanawahi viti vya mbele. Na dada yako amejiandikisha kwenye masomo ya jioni ya takwimu, anakaa karibu na dirisha, anapata alama za kuonea huruma.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha bila kupumua, na asubuhi moja ilipopungua kidogo nilikuwa na mama kwenye kibaraza cha shule, tumeshika vikombe vya chai, tunatazama ng'ambo. Hapakuwa na kishindo mwanzoni. Niliona tu miti inasogea. Ilikuwa imesimama wima, yote, inashuka pamoja bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Nilidhani ni machozi machoni mwangu. Halafu sauti ikafika, na haikuwa sauti ya kusikia kwa masikio. Niliisikia kwa magoti. Chai ilitetema kwenye kikombe. Upande mzima wa kilima ulikunjuka, ukateremka hadi mtoni, ukasimama. Ndege wakaruka. Kisha kukawa kimya, na kwenye kimya kile nilisikia watu wote pale shuleni wanahesabiana majina, mmoja mmoja, kila jina linaitikiwa. Hakuna jina lililokosa mwitikio. Mdogo wangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nimeandika habari nyingi za waliokufa kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sikuwahi kusimama mbele ya habari ambayo watu wake wote wako hai wanaitikia majina yao. Nilipiga magoti pale kwenye saruji bila kujijua.

Sasa nikuambie nililokuficha. Uliponipigia simu baada ya mvua ile nikakuambia mama amekuja kwangu kupumzika, sikusema uongo, lakini sikusema kweli yote. Nyumba yetu haipo. Haikubomoka, haikuharibika, haipo. Kile chumba ulichokijenga kwa mikono yako likizo iliyopita, ukapaka rangi mara mbili kwa kuwa ya kwanza hukuipenda, nacho hakipo. Na kaburi la baba, mdogo wangu, nalo limekwenda na kilima. Mtaalamu alisema hatuwezi kulitafuta, udongo ni mwingi mno na bado haujatulia. Mimi ndiye niliyewakataza mama na mama mdogo wasikuambie. Nilikuona akilini juu ya lori lile umeshika simu, huna wa kukushika bega, nikashindwa. Ukinikasirikia una haki. Ila jua kwamba barua hii nimeianza na kuichana zaidi ya mara moja kwa sababu ya mistari hii michache tu.

Kuhusu kaburi, mimi nililia kuliko mama. Nilimuuliza kama hana uchungu. Akasema uchungu anao, lakini mume wake alikufa akisikitika kwamba hakuwahi kusafiri, na sasa amesafiri na ardhi yake yote, hakuacha hata jiwe. Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akaomba chai nyingine.

Juzi setilaiti ilipita tena. Niliifungua picha ile pamoja naye, nikiogopa. Kilima kina jeraha la rangi ya udongo kutoka juu hadi mtoni, na pale tulipozaliwa hapana kitu cha kushika kwa jicho. Jicho la mama halikukaa hapo. Alisogeza kidole ng'ambo ya mto, akatafuta, akaonyesha vijimabati vipya vinavyong'aa nyuma ya shule, vidogo kama mbegu za ufuta, ambako majirani wameanza kujenga. Kijumba kimoja hakijaezekwa bado. Alisema hicho ni chake, na kwamba mlango wake wa mbele tayari umeshasimamishwa ingawa kuta hazijafika juu.

Njoo utakapopata ruhusa. Usishukie njia panda ya zamani, barabara imefungwa. Teremkia darajani utatukuta. Mama anakusalimu, anasema utembee polepole na ule vizuri, na anauliza kama wifi yangu amepona mgongo. Shemeji yako anakusalimu. Kifungu, ambaye humjui, anakupa pole kwa mujibu wa vifungu vyote vinavyohusika. Wabusu watoto kwa ajili yangu, na ukimaliza kusoma panda juu ya lori lako unipigie, hata kama sitasikia ila pumzi yako.

Mimi dada yako anayekupenda,

Mama Mkato